Filimbi ya Mjomba Penalti Inakaa kwenye Friji

Mjomba wangu anaitwa Penalti. Siyo jina la ukoo, na mpira wenyewe hajui hata unachezwa na watu wangapi. Muulize leo, atakujibu, "Inategemea ukubwa wa kiwanja." Lakini simama mtaani kwao uulize fundi friji yuko wapi, utaulizwa, "Yupi, Penalti?" Kwenye simu za wateja kaandikwa Penalti Friji. Mke wake alilisikia jina lake halisi kwa mara ya kwanza siku ya kuandikisha ndoa, akamgeukia karani akasema, "Samahani, huyo ni nani?"

Sasa kaeni vizuri niwaambie jina lilivyomganda, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mtu mzima wa miaka hamsini na nne karekodi albamu ya jazi, piano na filimbi tu, na kwa nini kila wimbo ndani yake una dakika nne na kidogo.

Mjomba alikuwa na miaka ishirini na tatu, anajifunza ufundi wa friji, na alikuwa na filimbi. Nikisema filimbi namaanisha ile ndefu ya chuma, yenye vitufe, inayoshikwa kiubavu. Aliinunua kwenye hoteli iliyokuwa inavunja bendi yake. Akajifunza mwenyewe kwa kitabu, miaka miwili, chumbani, godoro limeegeshwa mlangoni ili sauti isitoke. Sauti ilitoka. Mama yangu ni mdogo wake, alikuwa analala chumba cha pili, na mpaka leo anaweza kukuimbia makosa yote kwa mpangilio.

Alhamisi moja wakaja vijana wawili wakabisha hodi. Mama ndiye aliyefungua.

"Dada, tumeambiwa hapa kuna mpiga filimbi."

"Yupo."

"Anajua lakini?"

"Anajua sana. Majirani wote mashahidi."

"Basi tunamhitaji Jumamosi saa kumi jioni, kiwanja cha nyuma ya shule. Aje na filimbi yake, ya kwetu imepotea."

Mtu mwingine angejiuliza: imepoteaje? Mlikuwa na filimbi ya nini? Mama hakujiuliza kitu. Alikuwa na miaka kumi na tisa na sufuria jikoni inaungua. Ujumbe akaufikisha neno kwa neno, na hilo analisema kwa fahari hadi kesho: "Mimi sikuongeza, sikupunguza."

Mjomba akaazima koti. Akapiga viatu rangi. Siku mbili nzima akafanyia mazoezi wimbo mmoja alioutunga mwenyewe. Unaanza na sauti moja ndefu, tulivu, halafu zinafuata tatu fupi zinashuka, kama mtu anateremka ngazi bila haraka. Jumamosi saa kumi kasoro akafika kiwanjani na kijisanduku chake kwapani. Akakuta timu mbili zimeshavaa jezi na watu wamezunguka kiwanja chote.

Nahodha mmoja akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. "Refa, mbona na koti?"

Yes, wadau. Refa wao alikuwa anaumwa, na wao walisikia mtaani kuna mtu "anapiga filimbi kila siku". Kiswahili chetu kina neno moja kwa vitu viwili, na Mjomba ndiye aliyelipa tofauti.

Alijaribu kueleza. Akafungua kijisanduku, akawaonyesha. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nahodha wa pili akasema, "Si inalia? Ipige tu, tuanze." Na Mjomba, ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu (ndiyo maana ana friji kumi na moja za watu karakana hazijachukuliwa), akaanzisha mechi.

Dakika ishirini alikimbia huku na huku na koti. Kona ikapigwa, watu wamejazana mbele ya goli, na yeye kasimama hapo karibu. Akainua macho akaona kiwanja kizima kinatazama upande wake. Mjomba anasema, na hapa sauti yake hushuka kidogo, kwamba aliwaza: ndiyo hii. Hawa wote wananitazama, sitawapata tena. Akaweka filimbi mdomoni akaanza wimbo wake. Sauti moja ndefu, tatu zinashuka.

Wachezaji wote wakasimama. Mshambuliaji akaokota mpira akauweka kwenye alama ya penalti.

"Penalti ya nini?" kipa akapiga kelele. "Refa! Penalti ya nini?"

Mjomba akasema, "Endeleeni tu."

Ikafungwa. Mechi ikaisha bao moja kwa bila, na waliofungwa wakamkimbiza hadi kwenye barabara ya lami. Alikimbia na filimbi ndani ya koti. Nyumbani Mama akamuuliza, "Vipi, wameupenda?" Jumatatu yake Mama akausimulia mkasa wote dukani, na jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita Penalti.

Kuanzia hapo hakupiga tena mbele ya mtu. Miaka thelathini na moja. Hakuacha kupiga, aliacha kusikika, ni vitu viwili tofauti. Alipofungua karakana yake aliificha filimbi ndani ya friji mbovu, kubwa, ya kijani, iliyoachwa na mteja aliyehama. Nani atafungua friji mbovu kutafuta muziki? Kila siku saa saba mchana anashusha shata nusu, watu wanajua fundi anakula, kumbe fundi anapiga jazi pamoja na mota za friji. Anasema kila friji ina sauti yake, na akiisikia imeshuka anajua inaumwa kabla hajashika bisibisi. Jirani fundi viatu alimwambia siku moja, "Fundi, badilisha hiyo redio. Kila siku inakwama palepale."

Ilikuwa inakwama palepale kweli. Sauti ndefu, tatu zinashuka, basi. Wimbo ule alikuwa hawezi kuupita pale ulipokatishwa. Nyingine zote alipiga. Ule, hapana.

Mwaka jana akaitwa chuo cha ukatibu kutengeneza friji ya kantini. Kantini imepakana na ukumbi, na ukumbini kulikuwa na mama mmoja mstaafu anapiga piano. Huyo ni Mwalimu wa Taipu. Miaka ishirini na nane alifundisha watu kuchapa kwa mashine, na njia yake ilikuwa moja: yeye anapiga piano, darasa zima linachapa kwa mdundo. Mwanafunzi akikosea mdundo anakosea herufi. Anasema aliwapigia jazi kwa sababu ukimpigia mtu wimbo wa kulala atakuchapia barua ya kulala. Alipostaafu walimruhusu aje kila Jumatano kupiga piano yake ya zamani.

Mjomba, kichwa kiko nyuma ya friji, akaanza kumfuatisha kwa mluzi. Piano ikanyamaza.

"Wewe huko nyuma, unapiga nini?"

"Natengeneza friji, Mwalimu. Samahani."

"Sijakuuliza kazi. Nimekuuliza unapiga chombo gani. Huo siyo mluzi wa mtu wa mluzi."

Mjomba anasema alikaa nyuma ya ile friji muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu akasema, kwa sauti ndogo kama anaungama, "Filimbi."

Na Mwalimu, Mungu ampe maisha marefu, hakuuliza ya refa au ya muziki. Akasema, "Jumatano ijayo njoo nayo."

Akaenda nayo. Ikawa aibu. Piano ile nyuzi zake zilikuwa zimelegea miaka na miaka, zote kwa pamoja, kwa hiyo yenyewe kwa yenyewe inaelewana vizuri, ila iko chini ya dunia nzima. Fundi piano alishaitazama akasema zikikazwa zitakatika. Mjomba akavuta kichwa cha filimbi nje, ndiyo njia ya kuishusha sauti, akavuta mpaka kikakaribia kuchomoka. Bado iko juu. Walisikika kama ndugu waliogombana asubuhi ya kupiga picha ya familia.

"Basi," Mwalimu akasema, "mimi siwezi kupanda, na wewe huwezi kushuka."

Sasa hapa ndipo ninapompenda mjomba wangu. Wiki ile hakuwa na kazi nyingi, akaitengeneza ile friji ya kijani kwa vipuri vya nyingine tatu, akaiwasha aijaribu, akaiacha inanguruma siku tatu, na kwa aibu ile filimbi hakuigusa. Jumatano akakumbuka: filimbi imo ndani! Akaitoa imepoa kama soda. Akaifunga kwenye taulo akakimbia nayo chuoni, akaiweka mdomoni ikiwa bado baridi.

Ikalingana na piano. Yaani ikakaa palepale, kama imepimwa. Mwalimu aliendelea kupiga, akamwashiria kwa kidevu: twende. Baada ya dakika nne na kidogo pumzi ikaipasha moto filimbi, ikaanza kupanda, wakaachana tena.

"Umefanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Ilikuwa kwenye friji."

"Nenda kairudishe."

Hivyo tu. Hewa ya baridi inashusha sauti ya filimbi. Watu waliosoma muziki wanalijua hilo na wanalikimbia. Mjomba alikuwa hajalisoma, na friji ndiyo kitu pekee duniani anachokiamini. Kuanzia hapo ikawa utaratibu wa kila Jumatano: filimbi inalala kwenye friji ya kantini ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha unyevu, inatoka, wimbo mmoja wa dakika nne, inafutwa, inarudi nusu saa. Wakiwa wanasubiri wanakunywa chai. Mjomba hakumwambia mtu. Mke wake alidhani friji ya chuo ndiyo friji mbovu kuliko zote nchini.

Mwezi wa tatu chuo kikatangaza kwamba ukumbi unageuzwa ofisi, na piano inaondoka. Kuna mtu ameinunua, anataka kulitoa sanduku lake la mbao atengeneze meza. Itachukuliwa Ijumaa saa kumi jioni. Hapo Mwalimu akasema wairekodi kabla haijawa meza. Akamtafuta mwanafunzi wake wa zamani anayepiga video za harusi, ana maiki nzuri na kompyuta. Siku waliyopewa ilikuwa hiyohiyo Ijumaa, asubuhi mpaka wabebaji watakapofika. Nyimbo tisa. Piga hesabu ya friji mwenyewe.

Alhamisi Mjomba akaja nyumbani. Mimi nilikuwa mezani naangalia simu, najifanya sisikii. Akamwambia Mama, "Mdogo wangu, kesho narekodi. Filimbi."

Mama akafungua mdomo. Naujua ule mdomo, ulikuwa unaenda kusema "timu gani?"

"Usiseme," Mjomba akasema. "Nataka kitu kimoja tu. Mtu aisikie filimbi hii mpaka mwisho, asicheke. Na kuna ule wimbo. Nataka kuumaliza."

Mama akafunga mdomo. Sijawahi kuona. Halafu akasema, "Nitakuja kuwapikia chai."

Kwa hiyo Ijumaa tulikuwa watano ukumbini: Mjomba, Mwalimu wa Taipu, Mpiga Video, Mama, na mimi niliyeomba ruhusa kazini kwa sababu ambayo bosi asiisome hapa. Mama akajipa cheo cha mlinzi wa friji. Filimbi ikitoka mkononi mwa Mjomba yeye anaipokea, anaifuta, anaifunga, anaiingiza, anaangalia saa. Alifanya kwa makini kama nesi. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mjomba alikuwa anapiga macho yamefumbwa, na mimi niliyekuja na simu mkononi kuchukua video za kumcheka kwenye grupu la familia, niliisahau simu mapajani. Jamani, alikuwa anajua. Miaka yote hii tunamwita Penalti na alikuwa anajua.

Saa tisa na dakika ishirini wimbo wa nane ukaisha. Wimbo wa tisa ulikuwa ule wa kiwanjani. Filimbi inahitaji nusu saa, na wabebaji saa kumi. Inatosha, kwa shida.

Saa tisa na nusu gari la wabebaji likaegeshwa nje. Wamewahi.

Mama akaliona dirishani. Akachanganyikiwa. Akaona friji inachelewa, akafungua mlango wa juu, akaichukua filimbi akaitia kwenye friza.

Hakumwambia mtu. Alitaka kusaidia. Hivyo hivyo kama mwaka ule.

Wabebaji wanne wakaingia na kamba zao. Mwalimu akawaambia wakae, wimbo mmoja umebaki, na kwa sauti ile ya darasani wakakaa. Mama akaleta filimbi. Mjomba akaipokea, akashtuka kidogo, lakini Mpiga Video alishanyanyua kidole: tunarekodi. Mjomba akaweka mdomo.

Mdomo ukaganda.

"Nnn," Mjomba akasema. "Nnn nnn."

"Nini?" Mama akauliza.

"Hhiza! Uheweka hhiza?"

"Friza, ndiyo, ipoe haraka!"

Mbebaji mmoja akaanza kucheka, halafu wote wanne. Nikamtazama Mjomba. Filimbi imening'inia mdomoni, watu wanacheka, koti kavaa, maana siku hiyo alivaa koti. Nikajua anafikiria nini. Nilidhani ataondoka, na nisingemlaumu.

Mwalimu hakucheka. Akasema, "Pumua. Taratibu. Pumzi ya moto." Mjomba akapumua mpaka ikaachia, na ngozi kidogo ikabaki kwenye chuma. Akajilamba damu. Vitufe viwili vilikuwa vimekwama kwa barafu, akavipasha kwa kiganja.

"Iko chini mno sasa," akasema. "Iko chini ya piano."

"Itapanda," Mwalimu akajibu. "Wewe anza, mimi nitakusubiri njiani."

Akaanza. Sauti moja ndefu. Ilikuwa chini kweli, ilikwaruzana na piano mpaka meno yakauma. Tatu zikashuka. Pale ndipo pa kukwama, palepale pa karakana. Akasimama nafasi ya pumzi moja.

Akapita.

Akaendelea, na filimbi ikawa inapata joto, inapanda kidogo kidogo, na katikati ya wimbo ikaikuta piano. Nadhani walikaa pamoja kama dakika moja. Mwalimu aliinamisha kichwa. Halafu ikapanda zaidi, ikaipita, na wakamaliza kila mmoja kwake, piano chini, filimbi juu, kama watu wanaopungiana mkono barabarani.

Mbebaji mzee kuliko wenzake, kamba begani, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Sijui alisimama saa ngapi.

"Kumbe ulikuwa unaendelea?" akasema.

Mjomba akamtazama.

"Kiwanja cha nyuma ya shule," yule mzee akasema. "Mimi ndiye nilikuwa kipa. Miaka yote hii najiuliza ile penalti ilikuwa ya nini."

"Haikuwa penalti," Mjomba akasema. "Ulikuwa utangulizi."

Mzee akafikiria. Hakucheka. "Basi bao lirudishwe," akasema, akaenda kushika piano upande wa kushoto.

Mpiga Video akataka waurudie ule wa tisa, akasema mwanzo umeharibika na mwisho umeharibika. Wa kuurudia naye nani, piano imeshafika mlangoni? Mjomba akamwambia auache ulivyo. Mpiga Video akamuuliza aupe jina gani. Mjomba akajifuta mdomo, akasema, "Andika Penalti." Kwenye jalada majina yao wenyewe hayapo, kumeandikwa Mwalimu wa Taipu na Fundi Friji. Penalti ni jina la wimbo sasa, ukimwita hivyo mtaani anakuuliza, "Unanitaka mimi au namba tisa?"

Mama hajawahi kuomba radhi kwa mdomo, siyo mtu wa hivyo. Ila usiku wa albamu kutoka aliandika kwenye grupu la familia, tena bila kikatuni hata kimoja: "Kaka, samahani kwa filimbi. Zote mbili."

Mjomba akajibu kwa kidole gumba.

Haya, mimi nimemwanika wa kwetu, kwa ruhusa yake, sharti lake lilikuwa niseme mota za friji zake ni nzima. Sasa zamu yenu. Wewe mwenye jina la utani unalokimbia, au mwenye shangazi anayeitwa kitu kisichotamkika mbele ya wageni, shuka hapo chini uandike: lilianzaje, na nani alilipeleka dukani? Majibu yenu Mjomba atayasoma mwenyewe, saa saba mchana, shata ikiwa juu.